Kuonana na rafiki wa meli nyingine siku ya kupanda

Meli mbili za kitalii zinaweza kufunga kwenye bandari moja asubuhi ileile, wewe una tiketi ya hii na rafiki yako ana tiketi ya ile, na jioni mkaondoka bila hata kusalimiana. Umbali si tatizo. Tatizo ni kwamba siku ya kupanda ina milango ambayo ukishaivuka, kurudi nyuma ni taabu: ukaguzi wa mizigo, kaunta ya kuripoti, ngazi ya meli. Kwa hiyo jambo la kwanza, na ndilo linalobeba mengine yote, ni hili: onaneni nchi kavu, asubuhi, kabla yeyote kati yenu hajaingia teminali. Wanaosema "tutatafutana tukishafika bandarini" ndio wanaoishia kupungiana mikono kwa mbali, kama watabahatika.

Kupanda kwenye meli ya mwenzako ili umwone, ondoa kabisa katika mpango. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zinazojulikana kama ISPS, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004, na kwa sababu hiyo kila anayekanyaga ngazi ya meli lazima awe ametambuliwa. Abiria hupigwa picha anaporipoti, na kadi yake inaposomwa mlangoni sura yake humtokea mlinzi kwenye skrini. Zipo kampuni zinazokubali mgeni kwa ombi la mapema, likiwa na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na zipo zisizokubali hata kidogo. Ombi la papo hapo kaunta halipiti popote, na kumbembeleza mlinzi ni kupoteza dakika ambazo mngekuwa mmekaa pamoja.

Watu huuliza pia kama mtu anaweza kupanda, kuacha begi chumbani, kisha kushuka tena kumwona rafiki. Bandari nyingine zinaruhusu, nyingine hazitaki. Ukilazimika, uliza kwanza mapokezi ya meli, ushuke na kadi ya chumba pamoja na kitambulisho chenye picha, na ujue kwamba utarudi kwa kupanga foleni ya ukaguzi upya. Kuna jambo moja zito zaidi. Kama uko katika nchi hiyo kwa viza ya kuingia mara moja na umeshagongewa muhuri wa kutoka teminalini, kushuka tena ni sawa na kuomba kuingia nchini mara ya pili, na viza yako haina mara ya pili. Hapo usijaribu.

Piga hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo

Chukua karatasi. Saa kubwa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya meli kung'oa nanga, na hiyo katika hesabu hii iweke pembeni. Unayoitaka ni saa ya mwisho ya kuripoti, ambayo kwa kawaida huwa dakika 60 hadi 90 kabla ya meli kuondoka, na kampuni nyingine huiweka mapema zaidi. Haiwekwi kwa ukali wa bure. Marekani, kwa mfano, orodha ya mwisho ya abiria inatakiwa iwe imefika kwa mamlaka za mpakani angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Jina lako lisipokuwa ndani ya orodha hiyo kwa wakati, meli ikiwa bado imefungwa gatini mbele ya macho yako haitakusaidia.

Juu ya saa hiyo ya mwisho kuna muda wako wa kuripoti, ule uliouchagua mtandaoni. Huo ndio unaobana watu wengi. Tuchukue mfano. Meli yako inaondoka saa kumi jioni (16:00) na umepangiwa kuripoti kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana (12:30 hadi 13:00). Meli ya rafiki yako inaondoka saa kumi na moja jioni (17:00), lakini yeye amejichagulia kuripoti mapema, saa tano hadi tano na nusu asubuhi (11:00 hadi 11:30). Anayeamua saa ya kuagana ni yeye, ingawa meli yake ndiyo itakayochelewa kuondoka. Anza na 11:30 yake, toa dakika 10 za kukabidhi mizigo mikubwa kwa wapagazi, toa 20 za gari, toa 15 za akiba. Mnaagana 10:45. Mkitaka saa moja na nusu ya maongezi, muwe mmeketi 9:15.

Kama bado hamjachagua muda wa kuripoti, chagueni wote wawili ule wa mchana. Nafasi za asubuhi huisha upesi kwa sababu kila mtu anataka kuwa wa kwanza kwenye chakula, ilhali zile za saa saba na saa nane mara nyingi zinabaki. Hakuna kikubwa mnachokosa: vyumba kwa kawaida huwa tayari kuanzia mchana, na abiria wa mapema huzunguka na mabegi yao mgongoni hadi wafunguliwe.

Sasa, kosa ambalo ni letu sisi wazungumzaji wa Kiswahili. "Tukutane saa nne" ina maana gani? Kwetu ni 10:00 asubuhi. Lakini mtu aliyekwisha kukaa siku tatu nchi ya watu, simu yake, tiketi yake na saa ya hoteli vyote vinasoma kizungu, anaweza kusema "saa nne" akimaanisha 4:00, wakati meli inafungua kamba. Marafiki wawili wanaoongea lugha moja wanapotezana kwa neno moja. Andikeni tarakimu zote nne, 10:00 au 16:00, na siku ya wiki, hata kama mnaona ni kujirudia.

Mahali penyewe

Msikutane "langoni mwa bandari". Bandari kubwa ina malango mengi, na kati ya saa mbili na saa nne asubuhi barabara zake hujaa magari yanayowachukua abiria wanaoshuka pamoja na malori yanayoleta shehena ya chakula. Mtafute sehemu iliyo nje ya uzio, yenye paa, choo, viti na mlango mmoja unaojulikana, na iwe katikati ya teminali zenu mbili au karibu na teminali ya yule anayeripoti mapema. Mkahawa wa hoteli unafaa kuliko bustani, kwa sababu mvua haiulizi ratiba ya meli.

Kujua teminali zenu ziko wapi ni kazi ya lazima, kwani jina la bandari pekee halitoshi. Southampton, Uingereza, ina teminali tano za meli za kitalii: Ocean na QEII ziko upande wa mashariki, ambako magari huingilia lango namba 4, City, Mayflower na Horizon ziko upande wa magharibi. Katikati pana mji. Mmoja akiwa QEII na mwingine Mayflower, msidanganyane kwamba mtatembea kwa miguu na masanduku. Huko ni rahisi kuonana mjini, kila mtu akatoka kuelekea upande wake.

Barcelona nayo ina mtego wake. Meli nyingi hufunga kwenye gati refu liitwalo Moll Adossat. Anayetoka Moll Adossat huvuka daraja la Porta d'Europa, ambalo hufunguka kupitisha vyombo, na likifunguka magari husubiri. Weka dakika 15 za ziada kwa ajili yake. Mnara wa Columbus, mwisho wa barabara ya La Rambla, ndipo mahali rahisi pa kukutania, maana basi la bandari linalowatoa watu Moll Adossat hushushia jirani na hapo.

Miami bandari ya abiria iko kisiwani, imeunganishwa na mji kwa daraja na kwa njia ya chini ya ardhi. Teminali zake huitwa kwa herufi, na nyingi zimepangana upande wa kaskazini wa kisiwa, isipokuwa J iliyo upande wa kusini. Kisiwani hapana mahali pa maana pa kukaa nje ya teminali. Onaneni upande wa mji kabla ya kuvuka.

Teminali hubadilika, hata siku moja kabla. Tazama ratiba ya magati ya bandari yenyewe usiku wa kuamkia safari, kisha asubuhi tena. Hakikisha pia jina kamili la meli: meli ndugu za kampuni moja hutofautiana neno moja tu, na dereva wa teksi akisikia nusu ya jina atakupeleka anakojua yeye. Mwambie jina la teminali kwanza, jina la meli baadaye.

Ujumbe mmoja uliokamilika

Usiku wa kuamkia siku hiyo, mmoja wenu aandike ujumbe mmoja wenye kila kitu, na mwingine ajibu "nimesoma". Uwe hivi:

"Jumamosi, 09:15 asubuhi, saa ya hapa. Mnara wa Columbus, upande unaotazama bahari. Nitavaa shati la njano. Tunaagana 10:45. Mmoja akichelewa zaidi ya dakika 20, mwingine aende zake, tutapigiana kabla ya 14:00. Meli yangu iko teminali B, yako C."

Upige picha ujumbe huo kwenye skrini ili uusome hata bila mtandao. Kile kipengele cha dakika 20 msikione kibaya. Bila hicho, mtu mwenye moyo mwema atasimama juani saa nzima akimsubiri rafiki aliyekwama barabarani, na wote wawili watafika kaunta wakihema. Mkishakubaliana mapema, kuondoka hakumkosei mtu heshima.

Simu za siku hiyo zina masharti yake. Programu ya kampuni ya meli, yenye kisanduku cha kutumiana ujumbe, hufanya kazi kati ya abiria wa meli moja. Haitamfikia aliye kwenye meli ya pili hata kama ni ya kampuni hiyohiyo. Tegemeeni laini za nchi kavu au intaneti. Asubuhi pia angalieni meli ziko wapi. Meli zote za abiria za safari za kimataifa hutakiwa kubeba mtambo wa AIS unaotangaza mahali zilipo, na tovuti kama MarineTraffic na VesselFinder huonyesha taarifa hizo. Ukiona meli ya rafiki yako bado inaelea nje ya bandari saa mbili asubuhi, huenda ukungu au upepo umeichelewesha, na saa yake ya kuripoti itasogezwa. Hiyo ni nafasi ya kukaa zaidi, ila asubiri ujumbe wa kampuni yake kwanza. Asijisogezee muda mwenyewe.

Mizigo, na zawadi hasa

Ukiweza, kabidhi sanduku kubwa kwa wapagazi wa teminali yako kwanza, ndipo uende kwa rafiki mikono mitupu. Gharama yake ni safari mbili za teksi, na wapagazi wanaweza kuwa hawajaanza kupokea mizigo ya abiria wapya mapema asubuhi. Kama mmelala hoteli moja, waachieni mapokezi mizigo na mnywe chai palepale. Kwa maoni yetu huo ndio mpango bora kuliko yote: kufika siku moja kabla, kulala hoteli moja au jirani, na kufanya kifungua kinywa kuwa ndiyo miadi yenyewe.

Sanduku likishakabidhiwa, hutaliona kwa saa kadhaa, pengine hadi jioni. Pasipoti, viza, dawa, miwani, chaja na pesa vibaki kwenye begi la mkononi. Hii inaonekana ni habari ya kawaida, lakini siku ya kuonana na rafiki ndiyo siku watu husahau, kwa sababu wanaharakisha kupunguza mzigo ili wakimbie.

Zawadi utakayompa rafiki itapita kwenye mashine ya ukaguzi ya meli yake, si ya kwako, kwa hiyo fuata masharti ya kampuni yake. Usiifunge kwa karatasi. Ikitiliwa shaka itachanwa, na mwenzako lazima aweze kusema kwa ukweli kilichomo ndani. Mfungulie, mwonyeshe. Pasi ya nguo, birika la umeme, mishumaa na visu havipiti. Kebo ya kugawa umeme yenye kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla nayo huzuiwa kwenye meli nyingi, na hii huwashangaza watu kwa kuwa nyumbani ndiyo inayosifiwa. Kwenye mvinyo, kampuni kadhaa huruhusu chupa moja ya mililita 750 kwa kila mtu mzima siku ya kupanda, ikiwa kwenye begi la mkononi. Kama rafiki yako tayari ana yake, ya kwako itakuwa ya pili. Pombe kali kwa kawaida huchukuliwa na kutunzwa hadi mwisho wa safari. Kitu chepesi, kikavu na kilichofungwa kiwandani hakisumbui mtu.

Kama yeye ndiye anayeshuka, au ni baharia

Huenda rafiki yako anamaliza safari siku unayoanza yako. Hapo kazi inakuwa nyepesi. Meli zinazomaliza safari hufika alfajiri, na abiria wake huwa wametoka wote kufikia saa tatu na nusu au saa nne asubuhi. Mwambie achague kujibebea mizigo yake mwenyewe badala ya kuiacha nje ya chumba usiku. Wanaojibebea hushuka mwanzo na hawasubiri kuitwa kwa rangi au namba. Pangeni saa mbili na nusu hadi saa nne (8:30 hadi 10:00), lakini muulize ndege yake inaruka saa ngapi kabla hujamwekea kiti.

Akiwa baharia kwenye meli hiyo nyingine, mwonee huruma. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo siku yake ngumu kuliko zote: vyumba vyote kusafishwa, vyakula kupakiwa, wageni wapya kupokewa. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unampa haki ya kushuka nchi kavu, lakini kwa kadiri kazi yake inavyoruhusu, na meli huwa na zamu ya wanaolazimika kubaki wakati imefunga. Kwenye bandari za Marekani huhitaji pia kibali cha baharia kushuka, fomu I-95. Muulize zamu yake inaisha saa ngapi na anatakiwa kurudi saa ngapi, kisha wewe umfuate hadi mahali palipo karibu kabisa na lango la kwake. Dakika 40 zisizo na haraka zinamtosha. Akikuandikia saa moja kabla kwamba amebadilishiwa zamu, mjibu kwa neno jema na usimlaumu, hakuamua yeye.

Mkikosa kuonana asubuhi

Bado kuna nafasi mbili. Ya kwanza ni jioni, kila mtu akiwa juu ya sitaha yake. Tangu tarehe 1 Januari 2015, zoezi la dharura kwa abiria wapya lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Meli nyingi sasa hukuruhusu kutazama maelekezo kwenye simu au televisheni, kisha ukafike kituo chako ili kadi isomwe. Limalize mara tu unapopanda, usije ukaitwa wakati rafiki anapita. Kisha ulizaneni kwa simu: meli ipi inatoka kwanza, na itapita upande gani wa nyingine. Anayebaki gatini ndiye anayeona vizuri; asimame juu kabisa, tezi (nyuma) au omo (mbele), pasipo na boti za kuokolea zinazoziba. Watu elfu mbili wakiwa kwenye reli ya ukingo wa sitaha, mkono mmoja hauonekani. Kitambaa kipana cha rangi moja kali, kimeshikwa kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo, kinaonekana. Giza likiingia, washa tochi ya simu na uifunike na kuifunua taratibu mara tatu. Mwambie mwenzako uko sitaha ya ngapi na madirisha mangapi kutoka mwisho. Usipande reli wala kuegemea nje. Mkimaliza, weka simu kwenye hali ya ndege, kwani nje kidogo ya bandari inaweza kujishikiza kwenye mtandao wa meli, ambao gharama yake ni kubwa mno.

Nafasi ya pili ni bandari iliyo mbele. Linganisheni ratiba, meli zinazotoka pamoja mara nyingi hupitia visiwa vilevile, ingawa pengine si siku moja. Mkipata siku inayolingana, ulizia magati tena. Cozumel, Meksiko, ina matatu: Punta Langosta lipo mjini kabisa, na mengine mawili, la Kimataifa na Puerta Maya, yako kusini, kilomita kadhaa kutoka hapo. Bandari ambayo meli hutia nanga nje na kushusha watu kwa boti hula muda zaidi. Hapo ongeza saa nzima kwenye hesabu.

Na angalia saa. Cozumel haisogezi saa zake kwa msimu, Miami husogeza. Wakati wa kiangazi Cozumel huwa nyuma ya Miami kwa saa moja, na nahodha anaweza kuamua kubaki na saa ya Miami au kufuata ya kisiwa. Meli yako ikibaki na saa ya Miami na ya rafiki ikafuata kisiwa, 10:00 yako ni 9:00 yake, na simu zenu zinaweza kujibadilisha zenyewe bila kuwauliza. Katika ujumbe wa siku hiyo andika saa za aina tatu: ya meli yako, ya meli yake, na ya hapo mtakapokutana. Kabla ya kushuka, soma saa iliyobandikwa mlangoni mwa ngazi, uifuate hiyo kwa kurudi.